Kila Aliyekuja, Alikuja Kusuka

Ukitaka kumuudhi Msaidizi, mwite wakili. Alikuwa akinyanyua mikono yote miwili, chane za ukindu, yale majani yaliyochanwa ya kusukia, zikining'inia vidoleni, na kusema kwa ile sauti yake iliyofika hadi nyumba ya tatu: "Miye si wakili! Miye msaidizi wa kisheria. Wakili anasimama mahakamani, miye nakaa chini." Na kweli alikaa chini. Katika miaka yote niliyomjua sikumbuki kumwona juu ya kiti kwa hiari yake. Alidai kwamba kiti kinamfanya mtu aanze kusema uongo wa heshima.

Kazi hiyo aliisomea ukubwani, kwenye mafunzo Kibiti mjini, wakati watoto wake walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa. Aliporudi, jina lake likasahaulika. Upande wetu wa Ruaruke wakubwa walimwita Msaidizi, watoto wakamwita Bibi Msaidizi, naye akaitika kote. Halipwi na mtu anayemsaidia, wala haruhusiwi kumsimamia mtu mahakamani. Anakusikiliza, anakueleza sheria inasemaje, anakuandikia lalamiko, na jambo likimzidi anakupeleka kwa mwenye elimu zaidi. Watu wengi hudhani kazi hiyo ni ndogo. Mimi nilidhani hivyo pia mpaka siku iliponikuta shida.

Barazani kwake palikuwa na sharti moja: ukija, unasuka. Msaidizi alikuwa mshonaji wa mikeka tangu zamani, na baraza lake halikukosa wanawake wawili watatu wanaosuka ukili, ile mikanda mirefu ambayo baadaye hushonwa pamoja ikawa mkeka. Ukifika na shida yako, hakukuuliza shida. Alikurushia fungu la chane za ukindu. Mwenye mirathi alisuka, aliyepigwa na mumewe alisuka, aliyenyang'anywa shamba la korosho alisuka, na katikati yao walikuwapo wasukaji wa kweli ambao hawakuwa na kesi yoyote. Mpita njia akitazama aliona wanawake wanasuka, basi. Nani kaja kwa sheria na nani kaja kwa mkeka, hakuna aliyeweza kusema. Zamu yako ikifika alisema, "Hebu njoo unisaidie kuchambua ukindu huko nyuma," mkaingia uani, na huko ndiko kesi zilikozungumzwa.

Mikeka iliyotokana na mtindo huo ilikuwa mibaya ajabu. Mtu mwenye hasira hukaza mno, mwenye huzuni hulegeza, na mwanamume mmoja aliyekuja kudai mtoto wake alisuka kitu ambacho hadi leo hatujui kilikuwa nini. Msaidizi alivishona vyote hivyohivyo. Nyumbani kwake ulikalia mkeka uliopanda na kushuka, na ukimcheka alikujibu, "Hapo ulipokaa pana mtu aliyelia. Kaa kwa adabu."

Nisije nikamfanya malaika, maana angenicheka. Siri za watu alizifungia tumboni, lakini za kwake zilikuwa za umma. Ndoa zake tatu tulizijua zote, nani alimwacha na nani aliachwa naye na kwa sababu gani. Bodaboda waliomchukua kwenda Kibiti walishuka wakijua hali ya tumbo lake kwa wiki nzima. Kwenye foleni ya zahanati aliwapita wenzake waziwazi, na ukimuuliza mbona hivyo na yeye ndiye mwalimu wa haki, alisema haki ni haki na goti ni goti. Aligombana na jirani mwenye mbuzi kwa miaka, akampeleka baraza la kata, akashindwa, akarudi kimya, na kesho yake akamtumia mkewe bakuli la uji wa tangawizi kwa sababu alisikia anaumwa. Simu alizungumza kwa kelele, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Kwa hiyo simu za kazi alikwenda kuzipigia katikati ya mikorosho, mbali kabisa, tukamwona kwa mbali anarusha mikono peke yake.

Kitu kingine: aliogopa maji. Na nusu ya kazi yake ilikuwa visiwani, huko kwenye delta, ambako ndiko kwao mume wangu. Wajane wa wakata mikoko na wa wavuvi wa kamba walimwita kila mara ndugu wa marehemu walipoanza kugawana nyavu na mitumbwi kabla hata ya arobaini. Nilisafiri naye mara moja. Alipanda boti, akajifunika khanga gubigubi, akashika ukingo na kuanza kusoma kila aya anayoijua, na alipozimaliza akaanza upya. Mwanamke mmoja ndani ya boti akamuuliza anakwenda kufanya nini kisiwani. Sauti ikatoka chini ya khanga: "Nakwenda kununua ukindu."

Tulipofika nikamwambia, mama, umesema uongo ukiwa katikati ya kusoma aya. Akanikodolea macho. "Uongo wapi? Nitanunua." Na alinunua. Kila alipokwenda visiwani alirudi na mzigo wa ukindu hata kama ndani hamna pa kuuweka, ili yeye asionekane kasema uongo, na mjane aliyemwita asijulikane kamwita. Chumba chake cha pili kilijaa ukindu mpaka dari. Nilidhani ni ubahili wa bibi kizee anayependa kurundika vitu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kila mzigo mle ndani ulikuwa mlango wa mtu uliofungwa vizuri.

Sasa niseme la kwangu. Jambo lenyewe lilikuwa nini sitalisema. Ni la binti yangu, na hajaniruhusu. Inatosha kujua kwamba lilimpata akiwa na miaka kumi na mitano, kwamba halikuwa kosa lake, na kwamba ilibidi aje afisa ustawi wa jamii kutoka halmashauri.

Afisa huyo alikuwa dada mpole, mgeni wilayani kwetu, na tulimpenda kwa sababu hakujitenga. Msiba ukitokea yumo, harusi yumo, darsa la wanawake siku ya Ijumaa yumo, kakaa na sisi chini. Alikuja nyumbani mara mbili, akazungumza na binti yangu chumbani wawili peke yao, na siku ya pili mtoto alikula chakula cha jioni, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa siku nyingi. Akiwa mlangoni anaaga aliniambia, "Haya ni ya ofisini, mama. Hayatoki." Nilimbusu mikono.

Kwetu, darsa likiisha panaombwa dua. Kila mwenye mtu wake anamtaja: fulani mgonjwa, fulani yuko safarini, fulani kafungwa. Unataja jina na unataja shida, ili wenzako waitike amina wakijua wanaitikia nini. Ni desturi nzuri na imenifariji mara nyingi. Ijumaa moja mimi sikwenda. Yule afisa alikwenda, na zamu ya dua ilipofika, machozi yakimtoka, akaomba wanawake wote wamwombee binti wa muuza korosho wa stendi, ndiye mimi. Akataja na lililompata.

Nililijua kesho yake asubuhi. Nilikuwa barabarani na sinia langu, basi la kusini limesimama, abiria wananyoosha mikono madirishani. Mwenzangu anayeuza mayai akaniegemea begani na kusema kwa huruma ya kweli, "Pole shoga. Jana tumemwombea mwanao, wengine tumelia." Basi likaondoka na korosho zangu bila mimi kuzidai.

Nyumbani nilikuta habari imefika kabla yangu. Wasichana wa bombani walikuwa wamempa binti yangu pole. Alikuwa amelala ameelekea ukutani, na sare ya shule ameikunja na kuiweka chini ya kitanda. Hakulia. Aliniambia neno moja tu: "Nilimwambia yeye."

Mwenye kukutangaza kwa ubaya unajua la kumfanya. Huyu alinitangazia mtoto kwa wema, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu kila niliyemlalamikia alinijibu, "Lakini nia yake ilikuwa njema." Hata mume wangu. Nilikwenda kwa Msaidizi nikiwa nimefunga khanga kiunoni, nia yangu anisindikize hadi ofisini kwa yule dada nikamvue nguo mbele ya watu.

"Suka," akaniambia.

"Sikuja kusuka, mama!"

"Ndiyo maana nakwambia usuke. Mikono yako hiyo ikikaa bure leo itakupeleka polisi weye."

Nikasuka. Nilikaza mpaka chane zikakatika. Aliniacha nizikate nyingi, kisha akaniita nyuma nikamsaidie kuchambua. Uani nilimweleza yote, naye hakusema "lakini nia yake." Alisema, "Amekosa." Tangu nilipolijua hakuna mtu aliyekuwa ameniambia neno hilo, na hapo ndipo nilipolia.

Nilipotulia akaokota chane moja akailaza chini. Hii, akasema, ni kumlalamikia kwa mkuu wake wa ustawi na kwa mkurugenzi wa halmashauri, maana ni mtumishi wa umma, na mtumishi wa umma anabanwa na maadili asitoe nje alichoambiwa kazini. Wanaweza kumwonya, kumwondoa kwenye shauri letu, au kumfungulia mashtaka ya nidhamu. Akalaza nyingine: mtoto ana ulinzi wake katika sheria ya mtoto, na hata afisa mpya akiletwa ni lazima aheshimu hilo. Ya tatu aliishika mkononi muda mrefu. "Iko sheria ya taarifa binafsi za watu. Na iko tume ya kupelekewa malalamiko hayo. Lakini hii ni mpya, mwanangu, sijaishika vizuri. Ngoja." Akachukua simu akaenda mikoroshoni. Nilimwona akirusha mikono huko kwa wakili mmoja wa Kibaha anayemsaidia, akarudi anahema. "Inatuhusu. Nimeuliza bila kutaja mtu." Akailaza ya tatu.

"Na mahakama?" nikauliza, maana mahakama ndiyo niliyoitaka.

"Ipo. Madai ya fidia. Hiyo inataka wakili, miye sisimami. Na ukiishtaki halmashauri ni serikali, lazima kwanza wapewe notisi na Mwanasheria Mkuu aambiwe, msubiri miezi. Haikatazwi. Ila usilale, ina muda wake ukipita umepita. Tena ujue, huko mtaulizwa jambo lenyewe. Mnaweza kuomba lisikilizwe faraghani, lakini mtaulizwa." Akazitazama chane zake chini, kisha akanitazama mimi. "Mwenyewe anasemaje?"

"Baba yake anasema..."

"Sikuuliza baba yake. Mwenye siri."

Nilikuwa sijamuuliza. Nilikuwa nimeuliza ukoo mzima.

Kabla sijafanya hivyo, wazee wakaingia. Baba mkubwa wa mume wangu alitoka kisiwani na kukaa na mwenyekiti wa kitongoji, wakalimaliza kwa njia tunayoijua sote: aliyekosa mbele ya watu anaomba radhi mbele ya watu. Yule afisa, maskini, alikubali papo hapo. Alikuwa tayari Ijumaa inayofuata asimame mbele ya wanawake walewale, amtaje binti yangu, na kumwomba radhi yeye na wazazi wake. Kila mtu aliridhika. Hata mimi niliridhika, kwa kuwa nilitaka nimwone akitahayari.

Msaidizi alikuja nyumbani kwetu siku hiyo, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida, amebeba mzigo wa ukindu kichwani ili aonekane anauza. Akaamkia wazee, akakaa chini.

"Wazee wangu, radhi hiyo anaombwa nani?"

"Wazazi wa mtoto," akasema baba mkubwa. "Wameaibishwa."

"Siri ilikuwa ya wazazi?"

Mwenyekiti akasema radhi sharti isikiwe na walewale waliosikia kosa, ndiyo mila.

"Kweli kabisa, mwenyekiti. Alipotukana mtu, aombe radhi palepale. Lakini huyu hakutukana, alitangaza. Sasa mnataka asimame tena atangaze kwamba anaomba radhi kwa kutangaza. Wale ambao Ijumaa ile hawakuja watauliza, radhi ya nini? Na wataambiwa."

Baba mkubwa alikuwa mzee mwenye hasira, lakini hakuwa mpumbavu. Alivuta kikoi chake, akafikiri, akasema, "Basi na aulizwe huyo mtoto." Namshukuru na yeye kwa hilo.

Hakuulizwa siku hiyo. Msaidizi alimpeleka barazani kwake na kumpa chane. Binti yangu alikwenda alasiri ya kwanza akasuka bila kufungua mdomo, na ya pili vilevile. Ukili wake ulikuwa unapinda kushoto, tukawa tunacheka, na siku moja nilimwona na yeye anakaribia kucheka. Nilimuuliza Msaidizi mbona hamuulizi kitu. Akasema, "Huyo ameshaulizwa maswali ya kumtosha. Sasa aulize yeye."

Na aliuliza. Walikuwa uani, mimi niko mlangoni na Msaidizi aliniruhusu kubaki baada ya mtoto kusema ndiyo. Aliuliza kama ni lazima atajwe. Msaidizi akamwambia si lazima, hata lalamiko linaweza kuandikwa bila jina lake. Akauliza kama yule dada atafungwa. Msaidizi akamweleza kwa kirefu yanayoweza kutokea na yasiyoweza, chane kwa chane, kama alivyonieleza mimi, bila kupunguza wala kutia chumvi. Ndipo mtoto akasema, "Mimi nataka asije tena kwetu. Nataka shule nyingine. Na nataka aniambie mimi. Siyo mama. Aniambie mimi kwa nini alisema."

Lalamiko liliandikwa jioni hiyo kwa mkono, kwa mwandiko wa Msaidizi uliolala kama mpunga uliopigwa na mvua. Nilipolisoma nikashangaa: lililompata mtoto halikuwamo. Nikamwambia, mama, umesahau jambo lenyewe.

"Sikusahau. Nimeandika nani kasema, kasema wapi, mbele ya nani, na aliahidi nini. Mkurugenzi hana haja ya kujua mtoto kapatwa na nini ili ajue kuwa ahadi imevunjwa."

Hilo limenikaa kuliko yote aliyowahi kuniambia. Nilikuwa nimekwisha kulisimulia jambo la mwanangu kwa watu wengi nikitafuta msaada, kila mara nikidhani bila kulisimulia hawatanihurumia.

Halmashauri walituita. Nilijiandaa kwa maneno makali, lakini mkuu wa ustawi alikuwa mama mtu mzima aliyetupokea vizuri, akafunga mlango na kwanza akamuuliza binti yangu kama anataka sisi tubaki ndani. Tulibaki. Msaidizi alikaa sakafuni pembeni, akasema ana goti, na hakufungua mdomo mkutano mzima. Yule afisa alikuwa amekonda. Alimtazama mtoto, si mimi, na kusema, "Nilikuwa silali kwa ajili yako. Niliona dua ya wengi ni msaada. Sikufikiri kwamba nimekupokonya kitu chako."

Binti yangu alikuwa ameinamia vidole vyake. Akasema taratibu, "Ungeniombea bila kunitaja. Mungu alikuwa ananijua."

Yule dada alilia, na nashangaa kusema kwamba mimi sikufurahi. Aliandikiwa onyo, akaondolewa kwenye shauri letu, tukapewa afisa mwingine ambaye hakuwahi kuja nyumbani. Tulikutana naye ofisini. Mtoto alihamishiwa shule nyingine, akakaa kwa shangazi yake. Na mkuu wa ustawi aliniambia baadaye kwamba wafanyakazi wake wote walikalishwa na kuelezwa upya, kwamba hata katika dua siri ni siri. Tume hatukwenda, mahakamani hatukwenda. Mume wangu alitaka, mtoto hakutaka, na Msaidizi alimwambia mume wangu kwa adabu kwamba njia hizo zingekuwapo hapo mtoto akibadili mawazo ndani ya muda wa sheria, na kwamba atakapotimiza miaka kumi na minane uamuzi hautakuwa wa baba.

Kuna wanaosema tulimwachia afisa kirahisi. Labda. Bado nikimwona njiani moyo unanipanda, sitadanganya. Lakini mtoto alitoa sare chini ya kitanda. Ninapokaa barabarani na sinia langu na basi limechelewa, huwa namkumbuka Msaidizi na kumwombea, na kwa kuwa amenifundisha, namwombea kimoyomoyo. Nimewahi kusaidiwa na watu wengi katika maisha yangu, na karibu wote walinisaidia mbele ya watu. Yeye peke yake alinisaidia bila mtu kujua kama nilikuwa na shida, na kwa hilo nitamshukuru mpaka niingie kaburini.

Mwaka huu sukari ilimzidi. Mguu ulivimba, wanawe wakamchukua kwenda kukaa naye Mtawanya. Baraza lake huku kwetu limebaki tupu, na kile chumba cha ukindu wamekifunga. Binti yangu alipomaliza kidato cha nne alisema tukamtazame, na akabeba ukili aliousuka mwenyewe kwa shangazi yake, umeviringishwa mkubwa.

Tulimkuta nje, amenyoosha mguu juu ya mto, amezungukwa na majirani wapya wa huko ambao alikwisha kuwajaza habari za ndoa zake tatu. Sauti ilikuwa imepungua kidogo. Tulipomwamkia alimtazama binti yangu kwa muda mrefu, kama mtu asiyemkumbuka. Nikadhani maradhi yamemchukua na kumbukumbu.

Jirani mmoja, mama mchangamfu mwenye macho ya kutafuta habari, akatusogezea mkeka. "Karibuni. Na nyie ni wale wa kesi zake?"

"Kesi gani?" Msaidizi akadakia, na hapo nikajua kwamba anakumbuka kila kitu. "Hawa walikuwa wakija kwangu kusuka. Huyu binti ukili wake ulipinda kushoto, sijapata kuona."

Nikashukuru kimya, nikajiandaa kuzungumza habari za ukindu. Lakini binti yangu alikuwa ameuweka chini ule ukili wake, amekaa wima.

"Hapana, bibi," akasema, akamgeukia jirani. "Mimi nilikuja kwa kesi. Bibi alinisaidia, na nilipata nilichokitaka."

Nilitaka kumshika mkono anyamaze. Msaidizi hakumzuia, alimtazama tu.

Jirani akasogea karibu, sauti ameishusha. "Maskini. Kesi ya nini, mwanangu?"

Binti yangu akamtabasamia vizuri kabisa. "Hiyo ni yangu, mama."

Msaidizi alicheka mpaka akakohoa, tukamletea maji, akayakataa, akaendelea kucheka na machozi yanamtoka. "Msikieni," akasema kwa ile sauti yake ya zamani iliyofika nyumba ya tatu. "Jamani, msikieni mwenyewe." Kisha akafungua ule ukili, akaupitisha vidoleni taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakusema kama umenyooka au unapinda. Akachukua fungu la chane, akampa yule jirani.

"Na weye suka," akamwambia.